Betri Kubwa Husingiziwa

Toyota ilipoanza kuuza Aqua, gari lake la haibridi linalotumia petroli na umeme, nchini Japani mwezi Desemba 2011, vipimo vya huko vilionyesha kwamba lita moja ya petroli inalifikisha kilomita 35.4. Wajapani waliligombania. Kuanzia 2013 hadi 2015 liliongoza kwa mauzo nchini humo, ukiyaweka kando yale madogo ya daraja la kei. Baada ya miaka kadhaa kwenye lami safi za kule, yakapakiwa melini na kushushwa Dar es Salaam na Mombasa. Leo yako Sinza, Mbagala, Tegeta na Kigamboni; asubuhi yanapeleka watoto shule, mchana yanabeba abiria walioita usafiri kwa simu. Katika foleni ya Barabara ya Mandela hakuna Aqua linalofika hizo kilomita 35, ila mwenye nalo akisikia mamlaka ya udhibiti, EWURA, imetangaza bei mpya za mafuta, Jumatano ya kwanza ya mwezi, hashtuki kama anavyoshtuka jirani yake.

Shida ni kwamba magari haya yamezeeka. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo ya huko yalifika yakiwa bado na nguvu. Kwetu Tanzania yameingia hata ya miaka kumi na zaidi. Toyota Prius za kizazi cha pili, nazo ni haibridi, zilizoanza kutengenezwa 2003, bado zinakatiza mitaani. Na kila taa ya hitilafu inapowaka, kijiweni kuna jibu moja tu: betri kubwa imekufa. Mwenye gari anatajiwa mamilioni, anakwenda kukopa, au analiuza kwa bei ya kutupa. Nimekaa gereji vya kutosha kuona betri nzima zikishushwa kutoka kwenye magari yaliyokuwa na ugonjwa mwingine kabisa, na jambo hilo linaniuma, maana fedha hizo ni ada ya watoto na mtaji wa mtu. Haibridi iliyochoka inatengenezeka. Inachohitaji ni fundi anayepima kabla ya kufungua.

Kipimo cha kwanza kiende kwenye betri ndogo, ile ya volti 12. Watu wengi wanaisahau kwa sababu wanajua haiwashi injini, na ni kweli haiwashi. Haibridi ya Toyota haina stata. Injini huzungushwa na mojawapo ya mota mbili za umeme zilizo ndani ya gia boksi. Kazi ya betri ndogo ni kuziamsha kompyuta na kufunga swichi zinazouruhusu umeme wa betri kubwa utoke. Ikidhoofika, kompyuta zinaamka nusunusu, kila moja inalalamika kivyake, na dashibodi inawaka taa za breki, usukani, ABS na ile pembetatu nyekundu kwa pamoja. Neno READY halitokei, na gia haitoki kwenye P. Ukimwonyesha dereva wa kawaida dashibodi hiyo, ataapa kwamba gari limekwisha.

Mita ya kawaida ya fundi umeme inamaliza ubishi huo kwa dakika moja. Betri ndogo iliyopumzika usiku kucha inatakiwa isome karibu volti 12.6. Ikisoma chini ya 12 haina chaji, na ikiporomoka hadi 10 au 9 pale unapobonyeza kitufe cha kuwasha, itafute nyingine. Gari likishakuwa READY isome karibu 14, kwa kuwa hapo inachajiwa na betri kubwa kupitia kifaa kinachoshusha volti. Ikigandia 12 wakati READY imewaka, kifaa hicho ndicho cha kuchunguzwa, na betri mpya haitasaidia kitu.

Kinachoiua mapema ni mazoea. Dereva anasubiri abiria, anafungua redio asikilize mpira, feni inapuliza, lakini hajaliweka gari READY. Hapo hakuna kinachoichaji betri ndogo hata chembe. Ni afadhali aliache READY. Injini itajiwasha yenyewe kidogo pale itakapohitajika na kuzima. Jingine ni aina ya betri yenyewe. Kwenye Prius inakaa ndani ya buti upande wa kulia, kwenye Aqua inakaa chini ya kiti cha nyuma, yaani humo humo wanamokaa watu. Iwe ile iliyofungwa, yenye mrija wa kutolea gesi nje. Kuweka betri ya maji ya kawaida chini ya kiti wanachokalia watoto ni hatari ambayo hakuna bei nafuu inayoweza kuihalalisha. Na mkiwashiana kwa waya, hakikisheni chanya imekwenda kwa chanya. Ukizigeuza kwa sekunde moja tu unaweza kuunguza vifaa vya bei kubwa kuliko betri yenyewe.

Sasa tuje kwenye betri kubwa, kwa sababu nayo hufa kweli. Siku moja nilikuwa gereji moja ya Tabata, Aqua la dereva wa makamo limeletwa likiwa na hitilafu namba P0A80, ile inayosema betri ya haibridi ibadilishwe. Mwenye gari alishakuwa amepewa bei ya betri nyingine mahali pengine. Fundi, kijana mwenye kifaa kidogo cha kusomea kilichounganishwa na simu yake, hakugusa spana. Alimuuliza swali.

“Mzee wangu, feni ya betri ulishawahi kuisafisha?”

“Feni gani tena, fundi? Hii ya rejeta?”

Wakang’oa kiti cha nyuma. Betri ile hupozwa na hewa inayovutwa kutoka ndani ya gari kupitia tundu lenye wavu karibu na kiti cha nyuma. Wavu ule ulikuwa umezibwa na begi la nguo, na nyuma yake feni ilikuwa imejaa vumbi jekundu lililoshikana na nywele na nyuzi za zulia, mpaka nafasi kati ya mapezi hazionekani. Fundi aliizungusha kwa kidole, ikagoma. Hewa ilikuwa haipiti, na betri ilikuwa inapikika mchana kutwa katika joto la Dar.

Joto ndilo adui mkubwa wa betri hizi za nikeli. Zimetengenezwa zichajiwe na kutumika kidogo kidogo: kompyuta huzizuia zisijae kabisa na zisiishe kabisa, ikizichezesha kati ya asilimia 40 na 80 hivi, na kwa utaratibu huo zinadumu miaka mingi. Lakini zikizoea kuwa za moto, seli zilizo katikati ya boksi, ambako hewa ni haba, zinachoka kabla ya zile za pembeni. Kusafisha feni na wavu wake ni kazi ya bisibisi, brashi na saa moja au mbili. Kwa barabara zetu za vumbi ifanyike kila mwaka, na anayeishi kwenye barabara ya udongo aifanye mara mbili. Abiria asiweke mzigo mbele ya tundu lile, wala muosha magari asimwage maji ndani akisugua mazulia.

Feni ya Aqua lile ilisafishwa, lakini madhara yalikuwa yameshatokea, kwa hiyo betri ikafunguliwa. Ndani kuna moduli 20 zilizopangwa bega kwa bega, kila moja na seli sita za volti 1.2, jumla volti 144. Prius za kizazi cha pili na cha tatu zina moduli 28, volti 201.6, na kompyuta yake huzisoma mbilimbili kama jozi 14. Fundi aliivuta plagi ya usalama, akavaa glavu za mpira, akaanza kupima moduli moja moja huku akiandika namba kwa kalamu ya wino mzito juu ya kila moja: 7.9, 7.9, 7.8, 7.9. Alipofika katikati ikasoma 6.6. Hakuhitaji kueleza sana. Moduli iliyopungukiwa volti 1.3 hivi kuliko wenzake ina seli moja iliyokufa kati ya sita.

Hakusimama hapo, na hapo ndipo nilipomheshimu. Namba za moduli iliyopumzika zinaweza kudanganya. Dhaifu nayo husoma 7.8 ikiwa haina mzigo. Akachukua balbu ya taa ya mbele ya gari, wati 55, akaiunganisha kwenye kila moduli kwa dakika mbili na kuangalia mita. Nzima zilishuka kidogo zikasimama. Ya 6.6 ilizama. Na moja iliyokuwa jirani yake, ambayo mwanzo ilisoma vizuri tu, ikaendelea kuteremka polepole bila kutulia. Moduli mbili kati ya 20 ndizo zilizokuwa mbovu, na mwenye gari alikuwa ameambiwa anunue zote.

Pia alionyesha vipande vya shaba vinavyounganisha moduli. Vilikuwa na kutu ya kijani. Kutu hiyo huongeza ukinzani, kompyuta inasoma volti za uongo, na taa inawaka hata kama seli ni nzima. Mji wetu uko kando ya bahari; hewa ya chumvi ya Kigamboni na Msasani haizibagui hizi shaba. Kuzing’oa, kuzisafisha mpaka zing’ae na kuzirudisha kumeshaokoa betri nyingi. Lakini nati zake zifungwe kwa spana ya kipimo, nguvu ya Nm 5.4 tu. Anayezikaza kama nati za tairi atang’oa skrubu kutoka kwenye plastiki ya moduli, na moduli hiyo ndiyo imekwisha.

Niseme pia upande wa pili, kwa sababu haki ni kuusema. Kubadilisha moduli mbili si dawa ya milele. Zile 18 zilizobaki zina umri ule ule na zilipikika pamoja nazo. Ukipachika moduli yenye nguvu kati ya zilizochoka, chaji yao haiendi sawa, na baada ya miezi kadhaa nyingine inaanguka. Fundi mwaminifu huchagua moduli za uwezo unaokaribiana, huzichaji na kuzitumia mara kadhaa kabla ya kuzifunga, zikiwa zimebanwa pande zote ili zisivimbe, kisha humwambia mwenye gari ukweli: hii ni nafuu ya muda, anza kujiwekea akiba. Mwenye kilomita nyingi za kukimbia kila siku huenda akaona bora anunue seti mpya kabisa. Huo ni uamuzi wake, alimradi afanye akijua hali halisi ya betri yake.

Ukitoka kwenye betri, nenda kwenye inveta, kile chombo cha chini ya boneti kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota. Ina mzunguko wake wa maji, tofauti na ule wa injini, na ina pampu yake ndogo ya umeme. Pampu ikifa, gari linakwenda vizuri asubuhi, halafu linakata nguvu kwenye foleni ya saa nane mchana, na kifaa cha kusomea kinaonyesha P0A93. Kuikagua kwenye Prius ya kizazi cha pili hakuhitaji hata mita: gari likiwa READY na limepoa, fungua kifuniko cha tangi dogo la inveta utazame kama maji yanatikisika. Yakiwa yametulia tuli, pampu haifanyi kazi. Weka kulanti inayotakiwa, siyo maji ya bomba, kwa sababu chumvi za maji hayo huganda kwenye njia nyembamba za kupozea.

Injini nayo isionewe. Watu husahau kwamba chini ya mbwembwe zote za umeme kuna injini ya petroli inayowaka na kuzima mara nyingi kwa siku. Inataka oili nyepesi, 0W-20, siyo ile nzito ya magari ya zamani. Prius za kizazi cha tatu, za kuanzia 2009, zina injini ya lita 1.8 yenye udhaifu unaojulikana: njia ya kurudishia moshi wa ekzosi ndani ya injini huziba kwa masizi, na mafundi wengi wanakuhusisha kuziba huko na kuungua kwa gasketi ya silinda hedi. Dalili yake ni ya asubuhi. Injini inapowaka mara ya kwanza inatetemeka na kugonga kwa sekunde kadhaa kisha inatulia, na kulanti inapungua bila kuona tone chini. Mtu akiambiwa hiyo ni betri kubwa, amepotezwa. Njia hizo zikisafishwa mapema, gasketi inapata nafuu. Ukisubiri mpaka gari lichemke, utalipia hedi.

Breki zinataka maneno machache lakini ya msisitizo. Haibridi husimama zaidi kwa mota kuliko kwa pedi, ndiyo maana pedi zake hudumu. Kwa kuwa hazitumiki sana, pini za kalipa hukauka na kushika kutu, hasa pwani. Zifunguliwe na kupakwa grisi hata kama pedi ni nene. Halafu sikiliza pampu ya breki. Ukifungua mlango au kukanyaga pedali inanguruma kwa sekunde chache, na hilo ni jambo la kawaida. Ikiwa inanguruma kila baada ya muda mfupi hata kama hujakanyaga, tangi lake la kuhifadhi mgandamizo linavuja. Taa nyekundu ya breki na king’ora vikija pamoja, egesha gari. Usilifikishe nyumbani.

Kuna mambo ya uendeshaji yanayoonekana madogo, nayo ndiyo yanayowagharimu wengi. Kwenye foleni ndefu usiweke N. Gia ikiwa N injini haiwezi kuichaji betri kubwa hata ikiwa inawaka, na kiyoyozi kinaendelea kuinyonya; bakia D, au weka P. Mafuta yasiishe, maana gari litajikokota kwa betri mpaka likaribie kukausha chaji, na betri ya nikeli iliyochoka haipendi kukaushwa. Gari likiharibika njiani lisivutwe kwa kamba magurudumu ya mbele yakiwa chini. Magurudumu yanapozunguka, mota inazunguka nayo na kuzalisha umeme usiotakiwa. Lipandishwe juu ya gari la kubebea, au magurudumu ya mbele yanyanyuliwe. Anayesafiri wiki kadhaa amwachie mtu ufunguo aliweke READY nusu saa mara kwa mara, kwani betri zote mbili hupoteza chaji zikikaa.

Na mvua zikija, zile zinazofunga barabara pale Jangwani, dereva wa haibridi ajue betri yake iko chini ya kiti au nyuma yake. Maji yakishafika kwenye sakafu ya nyuma, zima gari na uliache likaguliwe, usijaribu kuliwasha uone.

Ninasisitiza pia usalama wa mafundi wetu, vijana wanaojifunza kwa kutazama wenzao. Nyaya zote zenye ganda la rangi ya chungwa ni za umeme mkubwa. Gari likizimwa, swichi huufungia umeme huo ndani ya boksi la betri, lakini kapasita za inveta bado zina chaji; baada ya kuvuta plagi ya usalama lazima kusubiri dakika 10 kabla ya kugusa, kisha kupima kuhakikisha. Na plagi ile hukata mnyororo wa moduli tu. Ndani ya boksi kila sehemu iliyobaki bado ni hai, na moduli kadhaa zilizoungana zinatosha kumuua mtu mwenye mikono yenye jasho. Pete, saa na mkufu vivuliwe. Glavu ziwe za umeme, zile za volti 1,000, zisizo na tundu. Glavu za kufulia hazimkingi mtu. Natamani somo hili lifundishwe kwa vitendo katika vyuo vyetu vya ufundi, VETA wakiwa mbele, kwa sababu magari yameshafika na mafundi wanayafungua leo, wawe wamefundishwa au la.

Kikwazo kikubwa ninachokiona ni malipo. Tumezoea kumlipa fundi kwa spea aliyofunga, siyo kwa saa aliyotumia kutafuta ugonjwa. Fundi wa Tabata alitumia karibu siku nzima kufungua betri na kupima moduli 20 moja moja, na mwenye gari alikuwa na mashaka kwa nini alipie kazi ambayo haijabadilisha kitu. Tusipolipia kupima, tunawasukuma mafundi wauze betri, kwa sababu ndiko kuliko na fedha. Kabla ya kazi kuanza, kubalianeni bei ya uchunguzi peke yake, iwe gari litatengenezwa hapo au litaondoka. Kwa malipo hayo mdai karatasi: namba ya hitilafu kabla haijafutwa, volti ya betri ndogo ikiwa imepumzika na ikiwa READY, hali ya feni, na volti ya kila moduli au kila jozi, ikiwa haina mzigo na ikiwa nao. Anayenunua Aqua au Prius kuukuu aidai karatasi hiyo hiyo kwa muuzaji, asome namba akiwa anapandisha mlima na gari limejaa watu, kwa sababu betri dhaifu hujificha kwenye tambarare. Akikataliwa, kuna Aqua nyingine nyingi sokoni.